Chupa ya Haradali

Miaka arobaini na mmoja nilimkatia filamu Savva Berezhnoi
katika chumba kisicho na dirisha, ghorofa ya pili,
Sverdlovsk, mji uliobadilishwa jina sisi tukiwa humo ndani kazini.
Yeye alitoka na kamera, akarudi na barafu kwenye ndevu.
Mimi nilikuwa na mkasi, gundi, taa ya meza,
na birika bovu lililopiga mluzi kabla maji hayajachemka.

Watu husema alikuwa na ulimi. Alikuwa nao.
Filamu ya kwanza: wachimbaji saba wa Kizel wananawa uso,
dakika nne, hakuna anayesema kitu,
maji yanaingia beseni meupe, yanatoka meusi.
Kamati ikauliza, weusi huu una maana gani, ndugu Berezhnoi?
Akasema, una maana sabuni haitoshi.
Wakacheka sana. Wakaagiza dakika tatu zikatwe.

Nikakata.
Pale studio walikata mishahara, wengine wakakata tamaa,
Grisha wa taa alikata roho juu ya ngazi, Jumatatu tukaendelea;
lakini kilichokatwa si lazima kitupwe.
Nilikunja vipande nikavitia kwenye chupa za mama za matango ya siki,
nyuma ya unga, kila chupa na karatasi yake:
mwaka, filamu, jina la aliyeamuru.

Filamu ya pili, ya mama anayekataa kutia sahihi
kupokea jeneza la bati kwa kuwa ni jepesi mno,
ililala kabatini mwa wakubwa miaka sita.
Ilipotoka, foleni ilizunguka jengo kwenye theluji,
na Savva akasimama mbele ya pazia akawataja majenerali kwa majina.
Tangu hapo hakufunga mdomo.
Wafadhili wakaja, wakamsikia, wakakumbuka wana safari.
Vita vingine vikaja, akasema tena. Bango la filamu yake likatoka
bila jina lake, kama kaburi la mtu asiye na ndugu.

Uzeeni wakampeleka mahakamani kwa maneno ya redioni.
Hakimu, mwanamke kijana, Alevtina nani sijui,
alimtoza rubli elfu ishirini, kisha akamfuata kwenye korido
akanong'ona: yule mbwa wa wachimbaji, alipona?
Savva akamwambia alipona.
Mbwa yule ninaye mimi, chupa ya pili. Hakupona.

Sasa niseme lile moja.
Kwenye chupa ndogo kuliko zote, iliyokuwa ya haradali,
sikuandika Kamati. Niliandika: Savva.
Sekunde kumi na moja. Mkutano wa chama chetu,
wanapiga kura kumfukuza Miron Faibishenko,
aliyemfundisha kushika kamera, aliyemwazima koti majira mawili ya baridi.
Mikono inapanda. Wa tatu kutoka kushoto ni wake.
Alinijia usiku uleule, hakuvua kofia.
Kata, Rufina.

Mwaka wake wa mwisho alikuja tena, amekonda, kofia mkononi.
Bado unacho?
Ninacho.
Kiunge.

Hakuna sinema iliyotupokea. Tulitundika shuka
sebuleni kwa Tsilya, binti wa Miron,
watu kumi na wawili, viti vya jikoni, koti juu ya koti kitandani.
Mkono ukapanda. Hakuna aliyekohoa.
Savva alitazama magoti yake.
Rudisha nyuma, akasema Tsilya.
Nikageuza mashine: mkono ukashuka,
ukalala pajani kama vile haukuwahi kuondoka.
Simamisha hapo.
Nikamwambia utepe ukisimama mbele ya taa huungua.
Akafikiri. Birika, jikoni kwake, lilikuwa zima; halikusema kitu.
Basi uache uende, akasema,
na ukaenda.