Mwanga wa Kuazima

Sikwenda kutazama mpira. Nilifuata taa.
Kwetu Faroe, mwezi wa Desemba,
jua huchungulia kama mpangaji anayedaiwa kodi,
saa tisa alasiri limeshafunga mlango.
Balbu ya chumbani kwangu ina rangi ya chai ya maziwa,
huchori kitu cha maana chini yake.
Lakini kiwanjani, mwisho wa kijiji,
kuna nguzo nne, na kila nguzo ina macho sita meupe.

Nikakaa juu ya kreti la chupa, nyuma ya goli,
glavu nimezikata vidole,
karatasi nimezibana kwa vibanio vya nguo vya mama.
Nilitaka kuchora kondoo wa mzee Jógvan
walioegemea ukuta kuukwepa upepo.
Mechi ilikuwa kelele tu, kama friji usiku.

Kilichonichokoza ni vivuli.
Kila mchezaji alikuwa na vinne,
vikifunguka na kujifunga miguuni pake kama mikasi.
Nikachora vivuli, nikawaacha wenyewe.
Ukurasa wa pili nikamwona namba sita,
Heðin, anayeuza misumari dukani kwa baba yake,
kanenepa kidogo, goti lina bandeji.
Hakimbii.
Wenzake wanaukimbilia mpira; yeye anatembea
hadi pale pasipo na mtu, anasimama,
na mpira unamjia
kama paka anayejua nani ana samaki.

Mwalimu Rannvá hutuambia kila Jumatatu:
usichore kiti, chora hewa iliyo kati ya miguu ya kiti.
Miaka miwili naitikia, ndiyo mwalimu,
wala sielewi hata chembe.
Kumbe muuza misumari anaijua, tena kwa njumu!

Kisha upepo ukaja, ule wa kaskazini, usiobisha hodi.
Tukapata penalti. Mpira hautulii kwenye nukta:
unabingirika, unarudishwa, unabingirika.
Kijana mmoja akalala kifudifudi kwenye nyasi za bandia,
akaushikilia kwa kidole kimoja,
mkono umenyooka, uso kaugeuzia pembeni, macho kafumba,
anasubiri kiatu cha mwenzake kipite jirani na kucha zake.
Nimechora mikono mingi:
ya bibi ikimenya viazi, wangu kwenye kioo.
Sijawahi kuona kidole chenye imani kiasi hicho.

Sikukichora.
Nilikuwa nimesimama. Kreti limepinduka,
karatasi tatu zinapeperuka kuwafuata kondoo
na mtu anapiga kelele, “Chini! Kulia!”
kwa sauti yangu.

Akapaisha. Mpira ukavuka uzio, ukaenda zake gizani.
Nikaudhika, nikaudhika hasa,
mimi niliyeandika daftarini mwezi Septemba
kwamba soka ni watu ishirini na wawili wasiopenda kusoma.

Nyumbani baba aliuliza, nikivua buti: leo umechora nini?
Nikamwonyesha. Mistari miwili na doa la mvua.
Akalitazama kwa ile heshima
anayowapa wageni asiowajua lugha.
Matokeo hakuuliza; aliniona si mtu wa kuulizwa.
“Moja bila,” nikasema. “Wametufunga. Tulistahili sare.”

Kijiko chake kikasimama njiani.
Tulistahili.
Sisi gani, Marjun? Tangu lini?
Nikajiinamia kwenye supu,
nikaanza kupanga viazi kwenye sahani:
huyu hapa, huyu hapa,
na katikati pale, pasipo na kitu, namba sita.