Upande Usio na Nukta

Daftari lilikuwa la Faki, la kupimia karafuu:
kurasa za mbele pishi na majina ya wadeni,
za nyuma, kwa kalamu nyekundu, uongo wetu.
Tulikuwa watano, Jadida, barazani kwa kina Asaa,
mkeka mmoja, dele moja, dadu moja ya ludo
iliyolika upande wa tatu hata ukawa mweupe kama jino.

Tutunge mchezo, alisema Shaame,
usio na mshindi.
Faki akacheka: mchezo bila mshindi ni msaragambo.
Basi na uwe msaragambo. Tutalima uongo.

Kanuni ya kwanza: kila mtu awe mtu mwengine.
Mize akawa mchumaji, Asaa mkunga wa paka,
Shaame mganga aliyesahau dawa zote isipokuwa moja.
Faki, cha ajabu, akachagua ukarani.
Lakini wewe ni karani mchana kutwa!
"Huyu," akasema, "hapunji."
Mimi sikuamua. Wakaniandika: mpita njia.

Ya pili ilitutoa jasho:
nani ajue kilichoko nyuma ya mlango?
Tukampa jina la Sheha.
Wiki nzima Sheha alikuwa Shaame,
akajua kila kitu, mpaka tulichoota;
akatuswaga atakako kama mbuzi wa Idi.
Tukakata mstari, tukaandika upya:
Usheha hufuata dele.
Aishikaye ndiye ajuaye;
akishamimina, hajui tena.

Ya tatu: karafuu saba kwa kila mchezaji.
Ukitaka kumwokoa mwenzio, mpe moja
na useme umemwokoaje.
Hujiokoi kwa karafuu yako mwenyewe.
Asaa aliibishia hii mpaka umeme ukarudi:
"Na asiye na rafiki?"
Hatukuwa na jibu. Tuliacha mistari miwili mitupu.
Bado iko.

Ya nne aliitaka iwe na vina, isije ikasahaulika:

    Akisema yeye mwizi, usipinge, mfukuze,
    Usimkatie uzi, alichoshona ukuze,
    Hii yetu simulizi, mmoja asiimeze,
    Hadithi ni ya jamaa, kila mtu aongeze.

Faki akahesabu mizani kwa vidole, mara mbili,
akapiga muhuri wa hewani.

Kisha usiku wa kujaribu.
Mchumaji wa Mize alipanda, juu, juu zaidi,
akarusha dadu. Moja.
Shaame, dele mkononi, akasema upesi,
kwa furaha ya mtu aliyengoja zamu yake:
"Tawi limevunjika!"

Halafu akakumbuka. Sote tukakumbuka.
Babake Mize, Mtambwe, msimu ule mkubwa,
tawi lililoonekana zima.

Mize akaweka kiganja juu ya dadu.
Kahawa ikapoa vikombeni.
Mbu akaimba, hakuna aliyempiga.
Hiyo ndiyo kanuni ya tano, haikutungwa na mtu:
kiganja kikiwa juu ya dadu, mchezo husimama,
na mwenye kiganja haulizwi kwa nini.

Sijui ilikuwa muda gani.
Alipoinua mkono, aliigeuza dadu
upande ule mweupe ukatazama juu.
Upande huo hatukuwa tumeutungia kitu;
Faki alikuwa akisema kila siku tununue nyengine,
sokoni mia tano tu.

"Huu ukija," Mize akasema, "aliyerusha hasemi.
Husema waliobaki."
Akatutazama, mmoja mmoja, taratibu.
"Tawi limevunjika. Mko wapi?"

Asaa akasukuma karafuu zake zote saba katikati ya mkeka.
Shaame akaiweka dele chini, mbali naye,
kama kitu kilichomuunguza.
Faki, karani asiyepunja, akafungua ukurasa mpya,
akaandika *sita*, kwa herufi, si kwa tarakimu,
kalamu ikangoja.

Nikasema mimi, mpita njia:
niko chini ya mti. Nimeshika ncha moja ya jamvi.

Zimebaki tatu.