Sahani Kumi na Nane

Dalali alianza na vitu vikubwa.
Kombaini ya kijani, ndefu kuliko kanisa lao,
ikaenda kwa bei ya nyumba mbili za mjini
kabla sijamaliza kahawa.
Oktoba, Saskatchewan. Upepo unakata masikio.
Visiki vya ngano vimesimama vifupi kama ndevu za juzi
hadi pale mbingu inapokanyaga ardhi.

Mimi ni fundi. Miaka kumi na moja nimelijia shamba hili
la marehemu Nestor Palamarek,
mwanzo na spana, baadaye na kompyuta mpakato,
maana trekta za siku hizi haziugui, zinanuna:
zinaandika namba nyekundu kwenye kioo
na kusubiri nywila kutoka mji tusioujua.
Nestor alikuwa akipiga teke gurudumu.
"Hii nimeinunua," aliniuliza, "au nimeiposa tu?"

Nyuma ya ghala, kwenye nyasi zilizolala,
ndipo wazee walipo.
Mashine ya kupuria ya babu yake, mbao na bati,
mdomo wazi, kiota cha njiwa kooni.
Mkanda wake wa ngozi ulinyooka hatua ishirini
hadi kwenye injini ya mvuke
iliyokula makapi na kunywa pipa baada ya pipa.
Mkanda huo ulimla mzee Wasyl vidole viwili
asubuhi moja ya mwaka ishirini na sita.
Alifunga kitambaa, akarudi kazini.
Ngano haikuwa na muda wa pole.

Olha, mjane, amekaa kwenye kiti cha kukunja,
blanketi magotini. Haangalii mashine.
Anaangalia boksi chini ya meza, namba mia mbili na nne:
sahani kumi na nane, mstari wa bluu ukingoni,
za mama mkwe wake.
"Wewe unahesabu nguvu za farasi," akaniambia.
"Mimi nahesabu hizi."

Wapuraji walipokuja zilitoka zote,
na bado watu walisimama mlangoni wakingoja zamu,
vumbi kwenye kope, mikono ikinuka grisi.
Viazi vilianza kumenywa saa tisa za usiku.
Ikaja trekta nyekundu, ya mpini wa kuzungusha,
mpini uliorudi nyuma ukamvunja kaka yake kifundo.
Sahani sita.
Farasi wakapakiwa kwenye lori mwaka huohuo;
Nestor, kijana, akajifanya ana kazi kisimani.
Ikaja kombaini ya kwanza. Tatu.
Kisha moja, imefunikwa kitambaa, inapelekwa shambani.
Kisha mkate ndani ya karatasi.

Na mavuno yake ya mwisho
kombaini ilijiendesha, ikifuata nyota walizotundika watu,
naye Nestor ndani, kwenye hewa safi, mikono mapajani
kama abiria,
akimpigia Olha simu bila neno la kusema.
"Kuna nini?" "Hakuna. Nasikiliza jiko."

Kidole kimoja hakivunji chawa, nilifunzwa.
Nimekiona kidole kimoja kikigusa kioo
na ekari mia sita zikalala kabla ya machweo.
Sisemi ni vibaya. Migongo ile ilivunjika kweli,
na Wasyl angetoa vidole vingine viwili
apate kiti kile siku moja tu.

Namba mia mbili na nne.
Dalali akaziinua, zikagongana.
Mtu akakohoa. Mbwa akapita.
Dola tano, nikasema, nikajishangaa.

Olha hakunishukuru.
"Kwako mnakula wangapi?"
Nikahesabu kwa mkono mmoja,
vidole viwili vikabaki bila kazi.