Jozi ya Miguu

Baba alilipwa kwa miguu.
Si yake, iliyozunguka Ilala nzima
mpaka ndala zikabaki ganda la kitunguu.
Miguu ya kunguru: jozi moja, shilingi mia,
ihesabiwe mbele ya karani wa mradi
aliyeandika huku kaziba pua kwa leso.

Jozi alizifunga kwa uzi, kumi kumi,
kama mafungu ya mchicha.
Viatu vyangu vya darasa la tano, vyeusi, vya kamba:
kunguru themanini.
Hesabu hiyo niliipiga pembeni ya daftari
na mwalimu Chaurembo akanipa vema, hakuuliza.

"Hawa si wa kwetu," Baba alisema.
"Waliletwa na watu, wale taka.
Mji ukajaa taka, nao wakajaa.
Sasa wanakula makinda ya chiriku."
Ilikuwa kweli. Ndiyo maana sikuwa na la kusema.
Waliletwa, wakatumika, wakachokwa.

Alfajiri alikwenda nyuma ya machinjio, Vingunguti,
na ndoo ya utumbo, na unga mweupe kwenye kopo la maziwa.
Alikoroga kwa kijiti, uso kaugeuzia pembeni,
taratibu, kama anayepika uji wa mgonjwa.
Saa tatu wakaanza kudondoka.
Mmoja juu ya bati, puu.
Mmoja katikati ya njia, anazunguka kwa ubawa mmoja
kama mlevi anayetafuta funguo.

Wakadondoka na wasioandikwa kwenye karatasi:
mwewe wa mnara wa simu,
paka wa Bi Sijali,
yule mbwa asiye na mwenyewe
aliyelinda mtaa bila mshahara.
Na kunguru mmoja, siku hatuijui,
alitumbukia kwenye tangi letu la maji.
Tuliyapikia. Tuliyaoga.
Mdogo wangu Mishi alitapika siku tatu,
hospitali wakamtundikia dripu,
na Baba akalipa
jozi mia mbili na kumi.

Kunguru hafugiki, wanasema.
Hawasemi kwamba hasahau.
Walimjua. Si kwa shati, si kwa ndoo: kwa uso.
Akitokeza Buguruni mmoja analia, mtaa mzima unajibu,
wanashuka, wanamgonga utosini, wanapanda.
Akabadili njia.
Akavaa kofia ngumu ya pikipiki, na pikipiki hana,
vijana wa kijiweni wakamwita Rubani.
Mwishowe alitoka na khanga ya Mama kichwani,
ile ya MWENYE MACHO HAAMBIWI TAZAMA,
na hatukucheka.

Mradi ukaisha. Karani akahamishwa.
Ndoo ilirudishwa stoo, ikasainiwa.
Baba akabaki na uso wake,
hakuna ofisi iliyotaka kuupokea.

Siku ya kumzika, Kisutu, walitua ukutani.
Wengi. Kimya.
Shemeji akaokota jiwe, akashikwa mkono na kaka yangu:
"Waache. Na wao wana hesabu yao."

Leo naanika nguo uani kwangu, Tabata.
Amekuja mmoja, mchanga,
kijivu cha shingoni bado hakijakolea.
Enzi za ndoo hakuwa hata yai.
Amekaa kwenye kamba, kati ya shuka na sare za watoto,
kichwa kakiinamisha upande.
Ananitazama paji la uso. Pua.
Hiki kidevu chenye kishimo
ambacho shangazi zangu wote wakikiona husema:
Mwarami mtupu.

Nina kibanio mdomoni. Sisogei.
Sijui hufundishana nini kule kiotani,
wala deni kwao hurithiwa upande gani,
wa baba au wa mama,
au hufutwa.

Anafungua mdomo.