Chai Ikaletwa

Nilikikuta Kiborloni, chini ya rundo la makoti,
shilingi elfu moja, bila jalada,
kina muhuri wa maktaba ya shule fulani na harufu ya naftalini.
Kiingereza kirefu cha zama za malkia mjane,
sentensi zenye vyumba vya ndani kama nyumba ya tajiri:
unaingia, unapotea, unaikuta saa ya ukutani.

Kidato cha tano tuliambiwa ni hadithi ya mapenzi.
Safari hii nilishika penseli.

Binti wa nyumba ana ardhi hadi ukurasa wa mia tatu.
Ukurasa wa mia tatu na moja ana mume.
Ardhi haitajwi tena,
kama sufuria uliyomwazima jirani.

Yumo na mtumishi, Dorkasi, jina moja tu, halina baba.
Anaingia na makaa. Anaingia na maji ya moto. Anaingia na chai.
Nilihesabu: mara kumi na tisa anaingia,
na mwandishi hakumtoa hata mara moja.
Nadhani hadi leo yumo mle sebuleni,
kashika sinia, miguu inamvimba.

Nikajisemea, wenzetu afadhali,
kitenzi chao cha ndoa ni kimoja kwa wote wawili.
Kwetu Severini anaoa, mimi naolewa
kama mlango unavyofungwa.
Kisha nikaurudia ule ukurasa wa mia tatu na moja.
Huenda sarufi yetu haijui tu kuficha.

Jumamosi, Uru, kikao cha ukoo.
Kihamba cha marehemu baba.
Wanaume kumi na mmoja kwenye viti vya kukodi,
na mimi pembeni na daftari, eti nina mwandiko mzuri.
Baba mdogo Dismas akasoma kumbukumbu za mwezi uliopita:
*Chai ikaletwa. Kikao kikaendelea.*

Ikaletwa.

Mama alikuwa mlangoni na birika,
yeye aliyeipanda kila migomba inayogawanywa,
amesimama.

Nikainuka, nikampa kiti changu.
Nikaandika wima, daftari likiegemea ukuta:
*Chai imeletwa na Apolinaria Mmasi.
Kisha akaketi.*

Baba mdogo akachungulia, akauliza kama nina kifutio.
Hii ni kalamu ya wino, baba.
Penseli nimeiacha kitabuni.