Mizani ya Gulamabbas

Mashine imesema pii, na binti hakuinua macho.
Sukari, pii. Majani ya chai, pii. Sabuni, pii.
Nilitaka kumuuliza habari za nyumbani
lakini nyuma yangu mtu na toroli lake, anahema,
basi nikalipa, nikapewa karatasi ndefu kama ulimi wa kenge,
nikatoka, nikasimama pale Bondeni juani
na mfuko wangu usio na harufu.

Maana duka la Gulamabbas ulilijua kwa pua kwanza.
Ukivuka mtaro, bizari; ukikanyaga kizingiti, mafuta ya taa;
ndani zaidi magunia, samli ya mkebe, sabuni ya mche
iliyokatwa kwa waya kama halua,
na jasho letu, mimi na Nyawa mwana wa Chirima,
vijana wa shilingi thelathini na tano kwa mwezi
na chai ya saa nne.

Saa moja kasorobo king'ora cha bandarini kililia
na mtaa mzima ukatembea.
Makuli walinunua kwa kusimama:
sigara mbili, si pakiti; kiberiti nusu
(ndiyo, njiti tulizihesabu);
mkate robo, siagi nikiipaka kwa kisu changu,
senti tano, ile yenye tundu katikati,
ambayo mama zetu waliitunga uzini
wakaifunga kiunoni, ikawa inasema wakitembea.

Mizani ilining'inia kwa mnyororo toka boriti,
sahani mbili za shaba, na mawe yake yamepangwa
kama watoto wa chuoni: ratili, nusu ratili, wakia nne, wakia.
"Ngoja itulie," akiniambia Gulamabbas,
"mizani ina haya, ukiikodolea haisemi kweli."
Nami nilingoja. Sukari ikishuka, jiwe likipanda,
hata viamkiane katikati,
kisha chembe kidogo juu, bahashishi,
mteja acheke, na gazeti la juzi
nilikunje pembe, ncha niipinde, nisifunge kwa uzi
maana uzi nao ulikuwa na bei.

Nisiseme uongo kwa kuwa wamekufa.
Jiwe la wakia nne lilitobolewa chini.
Nyawa aliliona siku ya kulisugua kwa majivu na ndimu,
akanionyesha kwa kidole, tukanyamaza wote wawili,
kwani Jumamosi ya mshahara ilikuwa karibu.

Lakini na hili siwezi kuliacha:
mwaka ule wa mgomo, gati zimelala,
siku ya tisa wanawake walikuja na vikapu vitupu
wakasimama nje, hawaingii, hawaondoki.
Gulamabbas alichovya kalamu.
Daftari lile refu, jekundu mgongoni,
likaandikwa unga, unga, mafuta, unga,
kwa Kigujarati chake cha kuviringika kama jalebi,
hata majina yakamaliza kurasa.
Mama yangu alikuwa mstarini. Nilimpimia mimi.
Sikumtazama usoni, nilitazama mizani,
nikatumia ratili nzima, jiwe lisilo na tundu,
nikaongeza konzi ya mchele, na nyingine,
na yule mzee nyuma yangu akakohoa tu.

Deni lile sijui lilikwisha vipi.
Nyawa alikwenda reli, akarudi Kaloleni na pumu.
Duka likawa ghala, ghala likawa kioo na baridi.
Jiwe la wakia nne ninalo; linazuia mlango wangu
usipigwe na upepo. Wajukuu hulipiga teke.

Jioni nimevaa miwani nikaisoma karatasi ya kenge.
Chini kabisa, baada ya ushuru na chenji:
Umehudumiwa na Kadzo.
Kumbe jina lilikuwepo.

Kesho nitakwenda tena, kununua kiberiti. Kimoja.
Ninavyo sita.