Dagaa Aliyevuliwa na Jua

Katonga, saa nne asubuhi. Nimetandaza
dagaa wa usiku juu ya chanja,
nimefukuza kunguru wawili, nimekalia ndoo iliyopinduliwa.
Fundi Ruhoma akaja na paneli kwapani:
"Mama Gwimo, nunua umeme wa jua, ulipe kidogo kidogo."

Nikamwonyesha chanja.
"Na hili ninalotumia ni la nani?
Tangu sijaota meno ya pili linanikaushia,
na halijaniletea bili."

Alicheka, akaenda zake. Maneno yakabaki
yananizunguka kama nzi,

maana dagaa huyu, nikimtazama vizuri,
aliitwa na taa. Taa ilikunywa betri.
Betri ilishinda jana juu ya bati la Sabaganga, inaota jua.
Basi jua lilimvua usiku, lenyewe halipo,
na asubuhi limerudi kumkausha.
Lile lile.

Na siku zile za mbalamwezi, mitumbwi ikilala,
nani anatufunga? Mwezi hauna moto wake.
Umeazima.

Spesioza wangu, kidato cha pili, akachochea:
upepo huu wa mchana unaotoka ziwani
ni nchi kavu imepata moto, hewa yake imepanda,
ya ziwani inakuja kuziba pengo.
Kuni za kubanikia migebuka ni jua lililokaa mtini miaka.
Mawese kikaangoni, vilevile.
Na Malagarasi, mto wa kuzungushia mitambo,
"nani aliyapandisha maji yale hadi milima ya Kasulu, Mama?
Kwa ndoo gani?"

Nikaitazama ndoo niliyoikalia.

"Si yote lakini," akasema, asije akanidanganya.
"Lipo joto la chini ya ardhi. Hilo halidaiwi na jua."
Sawa. Na liwe na lake.

Saa nane wingu likavuka kutoka upande wa Kongo,
halikupiga hodi.
Tukakimbia na maturubai, tukateleza, tukagongana,
chanja tatu zikalowa chapachapa.
Nikalitukana wingu mpaka nikaishiwa,
ndipo nikakumbuka nani alilivuta ziwani
tone kwa tone, tangu alfajiri,
mimi nimekaa papo hapo nalisifu
kwamba halina bili.

Jioni nikamtuma Spesioza kwa Ruhoma
aniazime taa moja,
tuchambue waliolowa kabla hawajanuka.